Sura ya 4: Safari ya Vyura 499

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 waliondoka Tanzania kwa ndege kuelekea New York. Mkubwa kuliko wote hakufika sentimita 3. Walikuwa na rangi ya dhahabu na ngozi laini nyembamba, na tangu kuzaliwa walikuwa wamezoea kitu kimoja kisichopatikana ndani ya ndege wala kwenye bustani ya wanyama: rasharasha isiyokatika ya maporomoko ya mto Kihansi, usiku na mchana, masika na kiangazi.

Walihamishwa kwa sababu kwao kulikuwa kumeanza kukauka. Na kulikauka kwa sababu ambayo Mtanzania yeyote aliyewahi kusomea kwa kibatari ataielewa: nchi ilihitaji umeme.

Sura hii inafuata safari yao ya kwenda na kurudi. Ndani yake yamo karibu maswali yote yanayozuka mataifa yanaposhirikiana kulinda tabianchi na viumbe hai katika nchi inayoendelea: nani anatoa fedha, nani anatoa utaalamu, kiumbe ni mali ya nani, na nani anabaki na kazi wageni wakishafunga virago.

Korongo lenye mvua yake

Mto Kihansi huanzia nyanda za juu za Mufindi, nchi ya baridi, chai na mabonde ya vinyungu, kisha hufika ukingoni mwa milima ya Udzungwa na kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Katika mwendo wa kilomita chache mto hushuka mamia ya mita, ukijigonga kwenye miamba kutoka ngazi hadi ngazi. Kabla ya bwawa, maji yalikuwa yakipasuka kwenye kila ngazi na kuwa mvuke mzito uliolowesha kuta za korongo. Wastani wa maji yaliyopita hapo ulikuwa kama mita za ujazo 16 kila sekunde.

Pale rasharasha ilipotua, mwituni hapakuota miti mikubwa. Paliota majani mafupi, kuvumwani na mimea laini iliyolala kama zulia lililoloa. Vipande hivyo vya ardhi chepechepe, kati ya mita 600 na 940 hivi kutoka usawa wa bahari, vikijumlishwa vilikuwa na ukubwa wa hekta 2 tu, pungufu ya viwanja vitatu vya mpira. Hiyo ndiyo iliyokuwa nchi nzima ya chura wa Kihansi. Hakuwahi kuonekana mahali pengine popote duniani.

Watafiti walimkuta mwaka 1996. Mwaka 1999 alitambulishwa rasmi kwa wanasayansi wenzao kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Miongoni mwa waliomtambulisha alikuwamo Kim Howell, profesa wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Neno la pili la jina hilo limetokana na Kilatini na maana yake ni rasharasha. Waliompa jina walijua kwamba ukimtaja bila maji yanayomnyunyizia umemtaja nusu.

Ana maajabu mengine. Vyura wengi hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu. Chura wa Kihansi huyabeba mayai tumboni na kuzaa watoto waliokamilika, wenye miguu minne, kila mmoja na ukubwa wa punje ya mchele. Katika korongo ambamo maji yanakimbia kwa kishindo, kiluwiluwi angesombwa siku ya kwanza. Mama wa chura huyu alilipatia tatizo hilo jibu, na jibu lenyewe linaeleza kwa nini hakuweza kuhama: maumbile yake yote yamelingana na mahali pamoja.

Umeme wa theluthi

Hadithi ya upande wa pili nayo ina haki yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilitegemea zaidi mabwawa ya umeme, na mvua zilipokosekana mgao ulifuata. Mgao kila mtu anaujua ulivyo: cherehani ya umeme inasimama, kinyozi anafunga, mashine ya kusaga inalala na mama anarudi na mahindi yake kichwani. Kihansi ilitoa ahadi adimu. Kwa kuwa mto unaporomoka kutoka juu sana, maji machache yanatosha kuzungusha mtambo mkubwa, bila kufurika ardhi kubwa na bila kuhamisha watu kwa maelfu.

Mradi ukaanza katikati ya miaka ya 1990. Benki ya Dunia ilikopesha, na Norway, Sweden, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikachangia. Mwenye mradi akawa Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO. Juu ya maporomoko likajengwa bwawa la zege lenye kimo cha mita 25 hivi. Kutoka hapo maji yanaingia kwenye handaki, yanashuka ndani ya mlima hadi kwenye ukumbi uliochongwa mwambani, yanazungusha mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, kisha yanarudi mtoni kilomita kadhaa chini. Mtambo ulipozinduliwa mwaka 2000, ulielezwa kuwa chanzo cha karibu theluthi moja ya umeme wa nchi.

Umeme huo hauchomi makaa wala dizeli. Kwa kipimo cha tabianchi ni umeme safi, wa aina ambayo mikutano yote ya dunia huziomba nchi zinazoendelea kuujenga. Lakini maji yaliyoingia handakini ni yale yale yaliyokuwa yakinyunyizia korongo. Mtambo ulipowashwa, maji ya mto kwenye maporomoko yalipungua kwa takriban asilimia 90, na mvua ya Kihansi ikakatika.

Mapacha wa Rio

Juni 1992, katika mji wa Rio de Janeiro, mataifa yalifungua mikataba miwili kwa saini ndani ya mkutano mmoja. Mmoja ulihusu mabadiliko ya tabianchi, mwingine bioanuwai. Tanzania iliiridhia yote miwili mwaka 1996, mwaka ule ule chura wa Kihansi alipookotwa na watafiti.

Kwenye karatasi, mikataba hii ni mapacha. Kwenye kazi, ililelewa nyumba tofauti. Ya tabianchi ina mikutano yake, wataalamu wake, mifuko yake ya fedha na lugha yake ya tani za hewa ukaa. Ya bioanuwai vivyo hivyo, kwa lugha ya spishi na makazi. Ofisa anayehesabu megawati hana safu ya kuandika chura, na anayehesabu vyura hana safu ya megawati. Katika korongo la Kihansi safu hizo mbili zilikutana juu ya maji yale yale, na hapakuwa na kikao chochote kilichokuwa kimejiandaa kwa siku hiyo.

Kosa la msingi lilitokea mapema. Tathmini ya kwanza ya athari za mazingira haikulichunguza korongo lenyewe kwa kina. Kuta zake ni mteremko mkali, mawe yanateleza, na kushuka kule kulihitaji kamba na muda. Uchunguzi wa kina wa viumbe ulifanyika ujenzi ukiwa umeshaanza, baada ya wafadhili na wataalamu kutaka ufuatiliaji zaidi. Kwa hiyo chura aligunduliwa wakati mashine zinachimba. Fedha zilikuwa zimeshakopwa, mikataba ya wakandarasi imeshasainiwa, na nchi inasubiri taa.

Hili ni jambo la kuumiza, kwa sababu halikuhitaji ubaya wa mtu yeyote. Ilitosha kwamba watu wema wa pande mbili waliangalia mlima mmoja, hawa wakaona kimo cha maporomoko, wale wakachelewa kushuka chini.

Mvua ya mabomba

Yalifuata majadiliano marefu kati ya Serikali, TANESCO, Benki ya Dunia, Norway na wanasayansi. Yalizaa mambo matatu.

La kwanza lilikuwa haki ya mto kubaki na maji yake kidogo. Ilikubaliwa kwamba bwawa liachie kiasi kisichozidi mita za ujazo 2 kwa sekunde kiendelee kupita kwenye maporomoko. Kila tone linalopita hapo ni tone lisilozalisha umeme, hivyo makubaliano hayo yana bei, na bei hiyo hulipwa kila siku.

La pili lilikuwa kutengeneza mvua. Maji hayo machache hayakutosha kurudisha rasharasha, kwa hiyo mafundi walitandaza mabomba kwenye kuta za korongo. Maji huchukuliwa kwenye vijito vilivyo juu zaidi, yakashuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu wala umeme, na mkandamizo wa mteremko ukayasukuma kupitia matundu membamba ya vinyunyizio hadi yakatoka kama ukungu. Mfumo huo ulianza kufanya kazi mwanzoni mwa mwaka 2001 kwenye vipande vitatu vya ardhi chepechepe.

Ni kazi rahisi kuieleza na ngumu kuitunza. Tundu linalotoa ukungu lazima liwe jembamba, na kilicho chembamba huzibwa na chembe ya mchanga au jani lililooza. Kichujio kinatakiwa kufunguliwa, kuoshwa na kurudishwa. Bomba lililoangukiwa na tawi linatakiwa kuungwa. Mtu anayefanya kazi hiyo hushuka mahali penye utelezi, akiwa amelowa mwili mzima, na asipoenda kwa siku kadhaa za kiangazi, zulia la majani linaanza kugeuka rangi. Ushirikiano wa mataifa manne na benki mbili, ukiufuatilia hadi mwisho wake, unaishia mikononi mwa fundi huyo na spana yake.

La tatu lilikuwa ile safari ya ndege.

Ugenini

Wazo la kuwapeleka vyura Marekani lilizua maneno mengi nchini, na maneno hayo hayakuisha upesi. Kwa miaka kadhaa jina la chura wa Kihansi lilisikika bungeni na magazetini: wamekwenda kufanya nini huko, ni nani atakayefaidi, watarudi lini? Yalikuwa maswali ya haki. Waafrika wameshaona vitu vyao vikiondoka kwa jina la elimu na kubaki kwenye makabati ya watu.

Safari hii makubaliano yaliwekwa wazi: vyura wanabaki mali ya Tanzania, na watoto watakaozaliwa huko nao ni mali ya Tanzania. Bustani za wanyama ni walezi. Katika sura zote za kitabu hiki hakuna kifungu kifupi chenye uzito kuliko hicho, kwa kuwa kilibadilisha maana ya ufadhili. Aliyepokea chura hakuwa ameongezewa mali, alikuwa ameongezewa wajibu. Jamaa wote wa chura huyu, yaani spishi za Nectophrynoides, walikuwa tayari kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1975, kwa hiyo kuwavusha mpaka kulihitaji vibali vya nchi zote mbili, na vibali hivyo viliacha maandishi.

Walezi wenyewe waliadhibika. Bustani sita za Marekani ziligawana vyura hao, na katika miaka ya mwanzo wengi walikufa. Walipata minyoo ya mapafu na maambukizi ya bakteria. Lishe iliwapungukia madini. Mwanga wa taa haukuwa mwanga wa kwao. Idadi yote ilishuka hadi chini ya mia moja. Zilibaki bustani mbili zilizoweza kuwaendeleza: Bronx mjini New York, na Toledo katika jimbo la Ohio.

Walilazimika kujifunza Kihansi bila kuiona. Maji yalichujwa hadi yakaondolewa karibu kila kitu. Mabomba madogo yalinyunyizia ukungu kwa ratiba. Taa zilibadilishwa ili mwanga wa urujuanimno uwafikie kwa kiasi. Chakula kilifugwa pembeni: inzi wa matunda, nyenje waliotoka kuanguliwa siku hiyo, na wadudu wadogo wa udongoni ambao jicho huwaona kama vumbi linaloruka. Polepole majike yakaanza kuzaa, na punje za mchele zenye miguu zikaongezeka hadi vyura wakahesabiwa kwa maelfu.

Mwaka wa maafa

Huku nyumbani, mvua ya mabomba ilikuwa ikileta matumaini. Vyura waliosalia korongoni waliitikia rasharasha, wakaongezeka, na katikati ya mwaka 2003 makadirio yalikaribia 20,000. Aliyesoma takwimu za Juni mwaka ule angeweza kusema mradi umefaulu.

Miezi michache baadaye walikuwa wameanguka. Ilipofika Januari 2004, vyura walioonekana au kusikika katika korongo lote walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baada ya hapo korongo likanyamaza.

Wanasayansi walitaja sababu kadhaa zilizokutana. Katikati ya mwaka 2003 milango ya chini ya bwawa ilifunguliwa kwa majaribio, na tope lililokuwa limetuama likashuka korongoni likiwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu kutoka mashamba ya juu. Kupungua kwa maji kulikuwa kumeshawadhoofisha viumbe wa pale. Na kwenye maiti za vyura iligundulika fangasi inayojulikana kama kitridi. Fangasi hii hushambulia ngozi, na chura hutumia ngozi kunywa na kuvuta sehemu ya hewa yake. Ikiharibika, mwili hupoteza chumvi na moyo husimama. Imeshamaliza spishi kadhaa za amfibia katika Amerika ya Kati na Australia, na husafiri kwenye maji, kwenye tope na kwenye soli ya kiatu.

Mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini. Tangu agunduliwe hadi kutangazwa kuwa ametoweka ilikuwa miaka 13. Mtoto aliyezaliwa mwaka alipookotwa chura wa kwanza alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi, au ndiyo kwanza anaimaliza.

Kurudi

Tangazo hilo lingeweza kuwa mwisho wa habari. Halikuwa, kwa sababu Bronx na Toledo walikuwapo vyura hai waliokuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliwataka.

Mradi wa Usimamizi wa Mazingira wa Kihansi ya Chini, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuratibiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ulikuwa umeanza mwaka 2001. Kwa takriban muongo mmoja ulifanya kazi isiyopigwa picha: kupima maji, kutunza vinyunyizio, kuhesabu mimea, kufundisha watu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilijengwa nyumba maalumu ya kufugia vyura. Watanzania walikwenda Bronx na Toledo kujifunza ulezi, wakarudi na ujuzi huo.

Mwaka 2010 vyura 100 walitua Dar es Salaam. Jiji ni la joto na korongo ni la baridi, hivyo nyumba yao ilihitaji vipoza hewa, vichujio na jenereta ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika vyura wanaweza kufa. Waliohamishwa kwa ajili ya umeme sasa wakawa wanaishi kwa umeme.

Waliongezeka. Kule Kihansi watafiti walikuwa wakijaribu udongo na maji ya korongo kwa kutumia vyura wa spishi nyingine za jirani, waone kama wataugua. Majaribio yakafuatiwa na vizimba, na mwezi Desemba 2012 zaidi ya vyura 2,000 wakaachiwa kwenye majani yaliyoloa. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake ya asili.

Makundi mengine yaliachiwa miaka iliyofuata. Fangasi bado imo korongoni. IUCN haijabadili tangazo lake, kwa maana anayeachiwa kila mara kutoka kwenye ufugaji hajahesabiwa kuwa amerudi mpaka kizazi chake kijitegemee. Yeyote anayeshuka kuwatazama leo hukanyaga kwanza kwenye maji ya dawa na kusugua viatu vyake, mtafiti, mgeni na kiongozi sawasawa.

Hesabu ya fedha

Kihansi iliwafundisha wahifadhi wa Tanzania kuogopa neno "mradi". Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kiumbe hana ya pili mpaka tumpangie. Ndiyo sababu Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao yake Morogoro na ulioanzishwa mwaka 2001, uliundwa kwa namna tofauti. Mtaji uliotokana na Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Benki ya Dunia huwekezwa, na kinachotumika ni faida yake. Milima hiyo, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina viumbe wasiopatikana kwingine. Nyani aina ya kipunji alitambuliwa na sayansi mwaka 2005 tu, na huishi Udzungwa na maeneo ya Rungwe. Ndani ya korongo la Kihansi lenyewe unaota mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, ambao haujulikani kuota kwingine. Katika dunia ambayo joto linaongezeka na wakulima wa kahawa wanatafuta mbegu zitakazostahimili, ndugu wa mwituni wa zao hilo ni akiba ambayo hakuna benki inayoweza kuichapisha upya.

Njia nyingine ilijaribiwa na Norway. Aprili 2008, Waziri Mkuu wa nchi hiyo Jens Stoltenberg alikuwa Tanzania, na nchi hizo mbili zilisaini ahadi ya kroni milioni 500 kwa miaka mitano ili vijiji vilipwe kwa kutunza misitu inayohifadhi hewa ukaa. Asasi za kiraia ziliendesha miradi ya majaribio. Huko Kilosa na Lindi wanakijiji walipokea malipo ya majaribio mkononi, mtu mmoja mmoja, mbele ya mkutano wa kijiji. Ramani zilichorwa, mipango ya matumizi ya ardhi ikapitishwa, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Hewa Ukaa kikapata makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Lakini soko la hewa ukaa lililotarajiwa kuendeleza malipo halikufika kwa wakati. Miaka ya majaribio ilipokwisha, vijiji vingi vilibaki na msitu, na sheria ndogo, na matumaini yaliyopoa. Mwanakijiji aliyeacha kufyeka shamba jipya kwa sababu ya ahadi anakumbuka ahadi hiyo kuliko aliyeitoa.

Kwenye majukwaa makubwa, tarakimu ni nzito zaidi. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya tabianchi. Kwa hesabu zao wenyewe kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022. Huko Baku mwaka 2024 lengo jipya likawa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kwa upande wa bioanuwai, makubaliano ya Kunming na Montreal ya Desemba 2022 yalitaka asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ihifadhiwe ifikapo 2030. Mapacha wa Rio wameanza kusalimiana kwenye maandishi hayo, lakini mikoba yao ya fedha bado ni miwili. Nchi kama Tanzania, ambayo mchango wake katika gesijoto za dunia ni mdogo mno, inatakiwa kujaza fomu za mikoba yote miwili kwa ajili ya msitu mmoja.

Maji yanakoelekea

Maji yakishatoka kwenye mitambo ya Kihansi hayajamaliza kazi. Yanaingia mto Kilombero, na Kilombero ndio mlishaji mkuu wa Rufiji. Huko chini limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, zaidi ya mara 11 ya Kihansi. Tanzania imelijenga kwa fedha za Serikali, na mtambo wa kwanza uliwashwa mapema mwaka 2024. Lipo ndani ya eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo UNESCO imeliweka kwenye urithi wa dunia, na mashirika ya uhifadhi yalipinga ujenzi wake kwa miaka. Serikali ilijibu kwamba nchi ilihitaji umeme. Kila upande ulikuwa na ukweli mkononi, kama ilivyokuwa kwenye korongo.

Kinachounganisha mabwawa yote mawili ni mlima ulio juu. Misitu ya Udzungwa hunasa ukungu na kuuachia taratibu. Ikikatwa, mto hufurika masika na kukonda kiangazi. Ukame wa 2005 na 2006, ulioshusha maji ya bwawa la umeme la Mtera na kulirudisha taifa kwenye mgao, ulionyesha jinsi umeme wa maji unavyoitegemea tabianchi ile ile unayotarajiwa kuiokoa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya Kihansi ilifanyika mbali na vyura, kwenye vijiji vya juu. Huko mkulima wa vinyungu hulima mboga na mahindi kwenye unyevu wa bondeni miezi ya kiangazi, na kwake kijito ni mlo wa watoto na ada ya shule. Akichoma kingo au kumwaga dawa kali, athari inashuka hadi bwawani na hadi kwenye ngozi ya chura. Kumwambia aache bila kumpa namna nyingine ya kupata mboga za Septemba ni kumhamishia yeye gharama ya makosa ya wengine. Waliofanikiwa kuzungumza naye walianza na mbegu, mipaka ya mto iliyokubaliwa na kijiji chenyewe, na miti inayotunza maji. Suala la chura waliliacha mwisho.

Kule korongoni, ratiba haijabadilika sana. Asubuhi mlinzi na fundi hushuka kwa ngazi za miti hadi kwenye bomba la kwanza. Wanachovya viatu kwenye beseni la dawa. Wanatembea kando ya zulia la kijani bila kulikanyaga, wakitazama ukungu unaotoka kwenye kila tundu, na penye tundu lisilotoa kitu wanasimama, wanafungua, wanapuliza mchanga, wanafunga, halafu wanasubiri kidogo kuona kama maji yamekuja.